Karatasi ya Kura Inamuuliza Nini Mpiga Kura

Mijadala kuhusu mifumo ya uchaguzi kwa kawaida huendeshwa na watu wanaotazama matokeo: wanahesabu viti, wanalinganisha asilimia ya kura na asilimia ya wabunge, kisha wanatoa hukumu kuhusu mfumo upi una haki zaidi. Mpiga kura wa kawaida hayaoni hayo. Anachokiona ni foleni, daftari lenye jina lake, karani anayemkabidhi karatasi, kibanda, kalamu na sanduku, na pengine wino kidoleni wakati wa kutoka. Hata hivyo, mfumo mzima humfikia katika dakika hizo chache, kwa kuwa karatasi ile inamuuliza swali, na swali lenyewe halifanani kutoka nchi moja hadi nyingine. Ipo karatasi inayouliza, "Unamtaka nani?" na haitaki kusikia zaidi. Ipo inayoendelea kuuliza, "Na huyo akishindwa, utamtaka nani?" Nyingine huja sita kwa mkupuo. Na yapo maswali yaliyotungwa kwa makusudi ili jibu fulani lisipate pa kuandikwa.

Mfano mzuri wa aina hiyo ya mwisho ulionekana Tanganyika katika uchaguzi wa mwaka 1958 na 1959, uliofanyika kwa awamu mbili chini ya serikali ya kikoloni. Kwanza, si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura; palikuwa na masharti ya elimu, kipato au wadhifa. Pili, yule aliyeruhusiwa alitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa mgombea Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia. Hakuwa na hiari ya kumchagua mmoja na kuwaacha wengine, kwa sababu kura isiyokamilika tatu ilihesabika kuwa imeharibika. Kwa maneno mengine, karatasi ilikuwa imekwisha kujibu swali kubwa zaidi, yaani nchi igawanywe vipi, ikamwachia mwananchi yale madogo yaliyobaki. Ndiyo maana mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mwezi Januari 1958 ulitikiswa na hoja ya kushiriki au kususia. Chama kilipoamua kushiriki, mkakati wake ulikuwa kuwaunga mkono wagombea wa Kizungu na wa Kiasia walioafikiana nacho, ili kura tatu za mtu mmoja zote zielekee upande mmoja. Masharti ya karatasi yalibaki vilevile, lakini yalitumika kwa lengo ambalo walioyatunga hawakulikusudia.

Swali jepesi kuliko yote ni lile la alama moja, ambapo mwenye kura nyingi ndiye mshindi hata kama hakufikia nusu. Uingereza hutumia utaratibu huo kuwachagua wabunge, na makoloni yake mengi ya zamani yaliurithi. Kwa mpiga kura, urahisi wake ni wa kweli: unatia alama, unakunja, unatumbukiza, umemaliza. Ugumu huanza kabla ya kuingia kibandani, pale unapojiuliza kama mgombea unayempenda ana nafasi ya kushinda au unamgawia ushindi yule usiyemtaka kabisa. Karatasi haina mahali pa kueleza mashaka hayo, kwa hiyo watu huyamalizia vichwani mwao na kuandika jibu lililokwisha kupunguzwa makali. Katika uchaguzi wa Uingereza wa mwaka 2024, chama cha Labour kilipata takriban asilimia 34 ya kura na viti 411 kati ya 650. Wapo waliokipigia kwa kukipenda, na wapo waliokipigia kwa sababu ndicho kilichoweza kumwangusha mbunge aliyekuwapo jimboni kwao. Kwenye karatasi, alama zao zinafanana.

Ufaransa hujaribu kulitatua jambo hilo kwa kuuliza mara mbili. Iwapo hakuna aliyevuka nusu katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais, wawili wanaoongoza hurudi kwa wananchi baada ya wiki mbili. Wafaransa wana msemo kwamba duru ya kwanza ni ya kuchagua na ya pili ni ya kuondoa. Mwaka 2002 waligundua gharama ya kuuamini msemo huo kupita kiasi. Wagombea walikuwa 16, kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, na Lionel Jospin, aliyekuwa waziri mkuu, akaishia nafasi ya tatu kwa asilimia 16.18, nyuma kidogo ya Jean-Marie Le Pen wa mrengo mkali wa kulia, aliyepata asilimia 16.86. Mamilioni ya watu wa mrengo huo wakajikuta katika duru ya pili wakimpigia Jacques Chirac wa mrengo wa kulia, mtu waliyekuwa wakimpinga miaka yote, naye akapita kwa zaidi ya asilimia 82. Kila mmoja alijibu kwa uaminifu swali aliloulizwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewauliza, katika ile duru ya kwanza, chaguo lao la pili lilikuwa lipi.

Australia na Ireland huliuliza hilo siku ileile. Mpiga kura haweki alama ya vema, anaandika namba. Moja kwa anayempenda zaidi, mbili kwa anayefuata, na kuendelea. Katika uchaguzi wa Baraza la Wawakilishi la Australia, ni lazima namba zijazwe kwenye visanduku vyote, la sivyo kura haihesabiwi. Ikiwa hakuna aliyevuka nusu, mgombea wa mwisho huondolewa, karatasi zake hufunguliwa upya, na kila moja huhamia kwa yule aliyeandikiwa namba inayofuata. Zoezi hilo hurudiwa hadi mmoja avuke nusu. Ukiitazama kwa macho ya mpiga kura, faida yake ni kubwa kuliko inavyosikika katika maelezo ya kitaalamu: unaweza kumpa namba moja mgombea mdogo asiye na matumaini ya kushinda, bila kuhofia kwamba umeitupa kura yako.

Lakini utaratibu huu nao una uchovu wake, na hakuna mahali ulipojionyesha wazi kama kwenye karatasi ya Seneti, baraza la juu la bunge la Australia. Mwaka 2013, katika jimbo la New South Wales, wagombea walikuwa 110 na karatasi ikafikia upana wa zaidi ya mita moja, kwa maandishi madogo kiasi kwamba tume ilisambaza vikuzo vya plastiki vituoni. Aliyetaka kuwapanga wagombea mwenyewe, chini ya mstari mzito uliochorwa katikati, alilazimika kuandika namba kuanzia 1 mpaka 110 ndani ya kibanda cha makaratasi, huku foleni ikisubiri nje. Njia ya mkato ilikuwa kuandika namba moja tu juu ya mstari, kwenye kisanduku cha chama, na baada ya hapo kura ilifuata mpangilio ambao chama chenyewe kilikwisha kuusajili. Wengi mno walifuata njia hiyo. Vyama vidogo vikapatana kupeana nafasi za juu katika mipangilio yao, na katika jimbo la Victoria mtu mmoja aliyepata asilimia 0.51 ya kura za chaguo la kwanza akaingia Seneti. Sheria ilibadilishwa mwaka 2016: sasa mpiga kura mwenyewe huelekezwa kuandika walau namba sita juu ya mstari, au kumi na mbili chini yake. Kwangu mimi hili ni funzo linalopuuzwa mara nyingi na wapenzi wa mifumo tata, kwamba swali likizidi urefu ambao mtu wa kawaida anaweza kulijibu, mtu mwingine hujitokeza kulijibu kwa niaba yake.

Ireland imelikwepa tatizo hilo kwa njia mbili. Majimbo yake ni madogo, kila moja likitoa wabunge wachache tu, na mpiga kura anaruhusiwa kukoma popote anapotaka. Akiandika namba moja peke yake, kura ni halali. Kazi ngumu inaachiwa wahesabuji, ambao huhamisha kura za walioondolewa pamoja na kura ambazo waliokwisha kupita wamezipata zaidi ya walizohitaji, na huweza kuchukua siku kadhaa. Waairishi hawaonekani kuichukia subira hiyo. Kwenye kumbi za kuhesabia, wafuasi wa vyama hujazana kwenye vizuizi na kuchungulia karatasi zinapofunguliwa, wakiandika moja moja, na mara nyingi huweza kutabiri matokeo ya jimbo kabla hesabu rasmi haijakamilika.

Kenya inauliza maswali mengi kwa njia tofauti kabisa. Tangu mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010, mpiga kura hupewa karatasi sita, za rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, kila moja ikiwa na rangi yake na sanduku lenye kifuniko cha rangi hiyohiyo. Kila karatasi peke yake ni nyepesi. Uzito wake uko katika wingi wake na katika sharti ambalo halionekani popote kwenye karatasi ya rais: mshindi anatakiwa apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa ikipiga hesabu za desimali.

Swali la kura haliishii kwenye kilichoandikwa. Lina pia upande wa nani anasikia jibu. Wakenya wenye umri wa kutosha wanaukumbuka mlolongo wa mwaka 1988, wakati wa uteuzi wa wagombea wa KANU, ambapo wapiga kura walipanga mistari hadharani nyuma ya waliowaunga mkono, na aliyezidi asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa. Kwa nadharia hakuna hesabu iliyo wazi kuliko hiyo, kwa kuwa kila mtu anaiona mistari. Kwa vitendo, malalamiko yalikuwa kwamba mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, na aliyejipanga alikuwa amekwisha kujulikana na chifu, na mwajiri wake, na jirani. Uwazi ulimwanika mwananchi kuliko ulivyomwanika msimamizi. Utaratibu huo uliachwa miaka michache baadaye, ingawa Uganda ilitumia mistari ya namna hiyo kuwachagua viongozi wa vijiji mwaka 2018, na katika jimbo dogo la Glarus nchini Uswisi wananchi hukutana uwanjani kila mwaka na kuinua kadi mikononi, huku mwenyekiti akikadiria kwa macho upande upi ni mwingi.

Kura ya siri kama tunavyoijua, yenye karatasi iliyochapishwa na serikali, majina yote yakiwa pamoja, na kibanda cha kujifichia, ilianza katika makoloni ya Australia mwaka 1856. Uingereza iliichukua mwaka 1872, na kabla ya hapo mtu alilitamka jina la mgombea wake kwa sauti mbele ya karani. Si kila nchi, hata hivyo, imeweka majina yote kwenye karatasi moja. Nchini Ufaransa kila mgombea ana karatasi yake mezani. Mpiga kura huchukua kadhaa ili asijulikane, huingia nyuma ya pazia, hutia moja kwenye bahasha, na zilizobaki hujiondokea nazo. Mbele ya sanduku la kioo cha plastiki, ofisa hutangaza kwa sauti kwamba amekwisha kupiga kura. Sweden nayo ina karatasi za kila chama, na kwa miaka mingi zilipangwa mahali pa wazi ambapo mwenye kusimama karibu angeweza kuona mkono unakokwenda. Ni mwaka 2019 tu ndipo sheria iliagiza zikingwe.

Estonia, inayoruhusu kura ya intaneti tangu 2005, imelikabili suala la siri kwa namna isiyotarajiwa. Nyumbani hakuna kibanda, na mume au bosi anaweza kusimama nyuma ya kiti. Kwa hiyo mpiga kura anaruhusiwa kupiga tena na tena, na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Akienda kituoni kupiga kwa karatasi, hiyo hufuta zote za mtandaoni. Anayelazimisha hana uhakika kwamba amepata alichokilazimisha. Katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2023, zaidi ya nusu ya kura nchini humo zilipigwa kwa njia hiyo.

Sharti jingine ambalo msomaji halioni kwa sababu amelizoea ni kusoma kwenyewe. Japani humkabidhi mpiga kura karatasi tupu na kumtaka aandike jina kwa mkono wake, hivyo wagombea wengi hutangaza majina yao kwa herufi nyepesi. Mwaka 2021 vyama viwili vilijisajili kwa kifupisho kilekile, na kura zilizoandikwa kifupisho hicho ziligawanywa kati yao kwa kufuata uwiano wa kura zao nyingine, jambo ambalo bila shaka aliyeandika hakulikusudia. Kwingineko alama zimebeba kazi ya herufi. India ilitumia picha za alama tangu uchaguzi wake mkuu wa kwanza wa 1951 na 1952. Tanzania, katika uchaguzi wa 1965 chini ya chama kimoja, iliwapa wagombea wawili wa kila jimbo alama za jembe na nyumba, na haikuchukua muda kabla watu hawajaanza kubishana kama jembe, katika nchi ya wakulima, lilikuwa na upendeleo.

Gambia ilikwenda mbali zaidi ikaiacha karatasi kabisa. Tangu miaka ya 1960, mpiga kura hupewa gololi moja. Nyuma ya pazia hukuta mapipa ya chuma, kila moja limepakwa rangi ya mgombea na kubandikwa picha yake, na juu yake kuna tundu lenye mrija. Gololi inaposhuka hugonga kengele ndogo iliyo ndani, na maofisa walio nje husikia mlio mmoja; wakisikia miwili, wanajua kuna hila. Chini ya pipa huwekwa mchanga au vumbi la mbao ili gololi isilie tena inapotua, na baiskeli zimewahi kupigwa marufuku karibu na vituo kwa sababu ya kengele zake. Jioni gololi humwagwa kwenye trei zenye matundu 200 au 500, na trei ikijaa, hesabu imekamilika machoni pa kila aliyepo. Mwaka 2016 gololi hizo zilimwondoa Yahya Jammeh baada ya miaka 22 madarakani. Udhaifu wake ni kwamba kila mgombea anahitaji pipa lake katika kila kituo, kwa hiyo chumba kinajaa upesi.

Brazil, yenye wapiga kura zaidi ya milioni 150, ilichagua mashine. Kabla ya hapo mpiga kura alitakiwa kuandika majina au namba kwa mkono, na kura nyingi za watu wenye elimu ndogo ziliishia kuharibika. Mashine zilianza kutumika mwaka 1996 na zikaenea nchi nzima mwaka 2000: mtu hubonyeza namba ya mgombea, picha inatokea, naye huthibitisha kwa kitufe cha kijani au kusahihisha kwa cha rangi ya machungwa. Kwa kuwa uchaguzi mkuu huwa na nafasi kadhaa zenye namba za tarakimu mbili hadi tano, watu huenda na kikaratasi walichojiandikia nyumbani, na mamlaka ya uchaguzi yenyewe huwahimiza kufanya hivyo. Kura zilizoharibika zilipungua sana.

Hata mtu anayesoma bila shida anaweza kupotezwa na mpangilio. Mwaka 2000, katika kaunti ya Palm Beach jimboni Florida, majina ya wagombea urais yalipangwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati. Al Gore, mpinzani mkuu wa George W. Bush, alikuwa wa pili katika orodha ya kushoto, lakini tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeorodheshwa kulia. Buchanan alipata zaidi ya kura 3,400 katika kaunti hiyo, na yeye mwenyewe alikiri kwamba nyingi huenda hazikuwa zake. Bush alilichukua jimbo zima, na urais pamoja nalo, kwa tofauti ya kura 537. Uskoti nayo, mwaka 2007, iliweka kura mbili tofauti kwenye karatasi moja, na zaidi ya kura 140,000 zikakataliwa.

Linabaki jambo ambalo mpiga kura hulifikiria akiwa njiani kurudi nyumbani: je, jibu langu lilifika? Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ililishughulikia mwaka 2009, ilipoamua kwamba mashine zilizotumika mwaka 2005 zilikwenda kinyume cha katiba. Haikusema kwamba zilichakachuliwa. Ilisema kwamba mwananchi asiye na utaalamu maalum lazima aweze kuzihakiki hatua muhimu za uchaguzi, na ndani ya mashine zile hakuweza kuona lolote. Ireland ilikuwa imekwisha kuonja jambo hilo mwaka 2002, ilipozijaribu mashine katika majimbo matatu. Matokeo yalitolewa kwa mara moja, na Nora Owen, waziri wa sheria wa zamani, akajua ameshindwa pale pale jukwaani, bila zile saa za kujiandaa ambazo hesabu ya mikono humpa mgombea. Mashine zilizogharimu zaidi ya yuro milioni 50 ziliwekwa ghalani na mwaka 2012 zikauzwa kama vyuma chakavu.

Nadhani Wajerumani walikuwa na hoja, ila jibu halilazimiki kuwa karatasi pekee. Mashine ya India huchapa kipande cha karatasi ambacho mpiga kura hukiona kwa sekunde saba kupitia kioo kabla hakijadondoka. Ile ya Brazil, kituo kinapofungwa, huchapa jumla ya kura za kituo hicho, na nakala hubandikwa mlangoni. Kenya ilifika hapo kwa kupitia mahakamani. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais, na kasoro katika upelekaji wa matokeo kutoka vituoni zilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mwaka 2022 tume iliziweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya wazi. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha kila kimoja kivyake, na kwa kuwa havikuanza na maeneo yaleyale, kwa siku mbili tatu kila stesheni ilikuwa na mgombea wake aliyeongoza, jambo lililowatia wasiwasi watu ambao uwazi huo ulikusudiwa kuwatuliza. Lakini mkazi wa kituo chochote aliyeipiga picha fomu iliyobandikwa mlangoni aliweza kuilinganisha na ile ya mtandaoni, mstari kwa mstari, na akikuta tofauti alikuwa na siku saba tangu matokeo yatangazwe kuifikisha mbele ya majaji.